Kipimo kilisema hapana, asubuhi nikakuta mstari wa pili. Nipime tena lini?

Chausiku

Habari zenu jamani. Naombeni msaada, maana swali hili limenizunguka kichwani mpaka usingizi umenipaa.

Mzunguko wangu haujawahi kutulia. Ukiwa mfupi ni siku 27, ukiwa mrefu ni 34. Programu ya simu imepiga wastani wake ikaamua kwamba mwezi huu ningeziona siku ya 29. Sikuziona. Nilipima siku ya 27 kwa sababu subira ilinishinda, mstari mmoja. Nikapima tena siku ya 30, jioni. Mkojo ulikuwa hautoki, nikanywa maji, nikaongeza mengine, mpaka ukatoka mweupe kama maji yenyewe. Mstari mmoja tena. Nikakitupa kijiti kwenye pipa la bafuni, nikaenda kulala.

Asubuhi naingia kuoga, jicho likaenda lenyewe kwenye pipa. Mstari wa pili huo hapo! Mwembamba, wa kijivujivu. Ukikiinamisha kijiti kwenye mwanga unauona, ukikinyoosha unapotea. Nimeupiga picha, nimeikuza, nimeibadilisha rangi. Mume wangu anasema haoni kitu. Mimi naona.

Yapo na haya mengine. Katikati ya mwezi niliugua koo nikapata na homa kali, nikapewa antibayotiki. Je, zinaweza kuvuruga kipimo? Halafu nimepangiwa eksirei ya kiuno, na kwenye fomu kuna swali kama nina mimba au nahisi ninayo, sijui nijaze nini. Na matiti yanauma, tumbo la chini linavuta vilevile kama siku zikitaka kuja, ila haziji.

Tunatafuta mtoto, kwa hiyo msiniambie "tulia tu". Nataka kujua: ule mstari ni wa kweli? Na nipime lini ili jibu nitakalolipata niliamini?

Shoga wa Wote

Hongera mapema dada! Mstari ni mstari, hata ukiwa hafifu vipi. Wangu wa kwanza ulianza hivyohivyo, sasa hivi ananivunjia vyombo. Kama huna kipimo kingine, chukua mkojo kidogo tia chumvi, ukiona umetoa mapovu mazito meupe basi jua tayari. Wengine hutumia dawa ya meno. Mimi nilifanya vyote.

Mama wa Maabara

Chausiku mwanangu, hujaomba kutulizwa, basi nitakueleza tu. Nimestaafu kazi ya maabara, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuangalia vijiti vya watu wasiotaka kunitazama usoni.

Nianze na mstari. Usiuhesabu kuwa ndiyo, wala usiuhesabu kuwa hapana. Kijiti kilichokaa usiku mzima hakina jibu lolote tena.

Ukikipasua kile kiplastiki utakuta ukanda mwembamba wa karatasi. Mkojo ukichovya upande mmoja, unapanda taratibu. Pale chini unakutana na chembe ndogo mno zenye rangi, zimekaushwa hapo kiwandani, na kila chembe imevishwa kingamwili inayoishika hCG, yaani ile homoni ya mimba. Chembe zinaloa, zinabebwa na mkojo. Ukitazama kwa karibu wakati huo utaona wimbi la waridi au la bluu likitembea dirishani, linaacha wekundu kidogo nyuma yake, kisha panaanza kusafika. Kwenye alama ya T, mahali pa jibu, wamebandika kingamwili nyingine. Kama hCG ipo, inanaswa hapo pamoja na chembe yake, rangi inarundikana, unapata mstari. Chembe zilizobaki zinaendelea mpaka C, alama ya kuhakiki kipimo, na kunaswa huko, ndiyo maana C hutokea hata kwa mwanamume. C isipotokea, kipimo hicho kimekufa, tupa, hata kama T imeng'aa.

Sasa, kingamwili za T zipo pale hata kama huna mimba. Zimepigwa mstari kwenye karatasi tangu kiwandani. Mkojo ukishakauka, sehemu hiyo hukauka tofauti na karatasi inayoizunguka, na pale pale T panabaki alama, kama mduara wa chai iliyokaukia kwenye sahani. Haina rangi yake. Ni ya kijivu, nyembamba, inaonekana kijiti kikiinama na kupotea kikinyooka. Umeieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuieleza mimi.

Mstari hafifu wa kweli una tabia nyingine. Unatokea ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelekezo, kwa kawaida dakika 3 hadi 5. Una rangi ileile ya C ingawa imepauka: C ya waridi, T ya waridi. Na unene wake ni wa C, kutoka ukingo mpaka ukingo. Ukiona huo, hata kwa kufinya macho, hCG ipo. Baada ya dakika 10 usisome tena. Kiweke kwenye pipa, na pipa ulifunike.

Ukikuza picha na kubadilisha rangi, simu itakutengenezea mstari hata ukutani.

Shoga, chumvi nayo. Mkojo wa mtu yeyote ukikutana na chumvi au dawa ya meno unaweza kufanya mapovu, maana una asidi na chumvi zake. Hakuna hapo kitu kinachoijua hCG. Kama ni kurudi nyuma, bora turudi kwa chura: miaka ya 1930 mkojo wa mwanamke ulidungwa chini ya ngozi ya chura jike mwenye kucha, wa kutoka Afrika Kusini, na kama mwanamke ana mimba chura alitaga mayai, mara nyingi ndani ya siku moja. Yule chura alikuwa kipimo halisi, kwa sababu mwili wake uliitikia homoni. Chumvi haiitikii chochote.

Sasa lini. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanahesabu kuanzia tendo la ndoa. Tendo halianzishi hCG. Mbegu zinaweza kukaa hai mwilini mpaka siku 5 zikisubiri yai. Yai likitoka lina saa 24 hivi za kurutubishwa, pengine pungufu. Likirutubishwa linashuka polepole kuelekea kizazi, na linapojishikiza kwenye ukuta wa kizazi ndipo hCG inaanza kuingia kwenye damu yako, kisha mkojoni. Kabla ya kujishikiza, unaweza kununua kipimo cha aina yoyote, hakuna cha kukipima.

Kujishikiza huko huchukua siku 6 hadi 12 tangu yai lipevuke. Watafiti waliopima mikojo ya wanawake siku kwa siku walichapisha matokeo yao mwaka 1999: katika mimba zilizodumu, zaidi ya 8 kati ya kila 10 zilijishikiza siku ya 8, ya 9 au ya 10. Halafu ipige hesabu mwenyewe. Tuseme leo hCG ni 5. Mwanzoni huongezeka maradufu kila siku 2 hadi 3. Keshokutwa 10, kisha 20, kisha 40. Vijiti vingi vimetengenezwa kushika kuanzia 25. Tafuta kwenye maelezo ya pakiti pameandikwa mIU/mL, ndicho kizio cha namba hizo. Kwa hiyo kati ya kujishikiza na mstari unaosomeka kuna siku kadhaa ambazo una mimba na kipimo kinasema huna, na kipimo hakijadanganya.

Kwa mwenye mzunguko wa kunyooka, siku hizo zote zinaishia karibu na siku ya hedhi. Ndiyo maana tunamwambia apime hedhi ikipita, na akingoja wiki moja zaidi jibu linakuwa imara. Kwako wewe wastani wa simu hauna kazi. Hesabu kwa mzunguko wako mrefu kuliko yote. Mrefu ni 34, basi pima asubuhi ya siku ya 35. Kabla ya hapo bado hujachelewa, hata simu ikupigie kengele.

Asubuhi kwa sababu mkojo umelala kwenye kibofu saa nyingi, homoni imejikusanya. Usinywe maji kwanza. Yale maji ya jioni ile yaliizimua hata hCG ambayo ingekuwepo. Ukishindwa asubuhi, shikilia mkojo saa 4 hivi bila kunywa sana.

Antibayotiki hazigusi kipimo. Dawa ya maumivu pia, na hata vidonge vya kupanga uzazi. Matiti na tumbo havikusaidii: yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupanda uwe na mimba au usiwe nayo, na ndiyo inayoleta maumivu hayo yote mawili.

Fomu ya eksirei ijaze kwamba unaweza kuwa na mimba. Ndivyo ilivyo. Kiuno kiko jirani na kizazi, na picha isiyo ya dharura huwa inaahirishwa au unapimwa damu kwanza. Damu huona mapema kuliko mkojo, maana maabara inasoma namba yenyewe: chini ya 5 tunaiita hapana, 25 na kuendelea ndiyo, na katikati unaambiwa urudi baada ya siku 2 tuone imepanda au imeshuka.

Jambo moja halingoji siku ya 35. Ukipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, au ya kwenye bega bila sababu, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au kutoka damu pamoja na maumivu hayo, nenda hospitali saa hiyohiyo, kipimo kiwe kimesema ndiyo au hapana. Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuwa na hCG kidogo, na kijiti hakioni mimba imekaa wapi.

Baba Wawili

Samahani kuingilia mambo ya akina mama. Mke wangu naye amekaa mguu mmoja ndani mmoja nje, na pakiti aliyonunua imeandikwa usahihi zaidi ya asilimia 99, tena inadai inaweza kugundua siku kadhaa kabla ya hedhi. Sasa mama unasema angoje. Nani mkweli?

Mama wa Maabara

Wote wawili, baba. Geuza pakiti usome maandishi madogo. Ile 99 ni ya kuanzia siku ambayo hedhi ilitarajiwa, kipimo kikitumiwa kama kilivyoelekezwa. Ya "siku kadhaa kabla" ina jedwali lake, na jedwali hilo hushuka kila unaporudi siku moja nyuma. Soma jedwali, achana na herufi kubwa za mbele.

Na hata hiyo 99 inachukulia kwamba mimba imeshajishikiza. Watafiti walewale walirudi mwaka 2001 wakaonyesha kwamba kama mimba 1 kati ya 10 inakuwa bado haijajishikiza siku ya kwanza ya hedhi iliyotarajiwa. Hiyo 1 hakuna kijiti kitakachoiona siku hiyo hata kiwe cha dhahabu. Wiki moja baadaye karibu zote zinaonekana.

Kupima mapema kuna gharama nyingine ambayo pakiti haiiandiki. Mimba nyingi hujishikiza siku chache tu kisha zinatoka na hedhi iliyochelewa kidogo. Zamani mwanamke hakujua kama ilikuwepo. Leo anaona mistari miwili Jumatatu, Ijumaa anatoka damu, na anabaki na msiba. Sisemi asipime. Nimewaona wanaotaka kujua hata hilo, na ni haki yao. Ila ajue anachokinunua.

Wewe kama mume kazi yako ni ndogo: washa saa. Dakika 3 zina tabia ya kugeuka nusu dakika kwa mwenye wasiwasi.

Mpitanjia

Nauliza kwa ajili ya rafiki (haya, ni mimi). Nilimeza vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, sasa hedhi imevurugika, sijui hata nihesabu kutoka wapi. Na dada yangu mimba iliharibika mwezi uliopita, kapima juzi kaona mistari miwili. Je, ana mimba mpya?

Mama wa Maabara

Mpitanjia, vidonge vya dharura huchelewesha yai kutoka, ndivyo vinavyofanya kazi, na hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa. Kwa hiyo achana na hedhi. Hesabu kutoka mara ya mwisho uliyokutana na mwanamume bila kinga. Siku 21 zikitimia, pima asubuhi. Kanuni hiyo inamfaa yeyote asiyejua siku zake ziko wapi: anayenyonyesha, aliyeacha sindano ya kupanga uzazi, au binti ambaye mzunguko haujajipanga. Siku 21 zinatosha kwa mbegu kusubiri, yai kutoka, kujishikiza na homoni kupanda. Sharti ni moja, katikati hapo usirudie tendo bila kinga, ukirudia saa inaanza upya.

Dada yako, pole zake. Mimba ikitoka hCG haizimiki kama taa. Inashuka kidogo kidogo, na inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla kijiti hakijaacha kuiona. Mistari yake inaweza kuwa mabaki ya ile ya kwanza, inaweza kuwa mpya, na kijiti hakitofautishi. Apimwe damu mara 2, siku 2 kati yake. Namba ikishuka ni mabaki. Ikipanda, aende kwa daktari, maana inaweza kuwa mimba mpya au kuna kitu kilibaki kinachohitaji kuangaliwa.

Wa jamii hiyo hiyo ni wale wanaotibiwa ugumba na kuchomwa sindano ya hCG ili yai litoke. Ile sindano ndiyo homoni yenyewe inayotafutwa na kijiti. Ukipima ndani ya siku 10 za mwanzo, hata 14, unaweza kuwa unaisoma sindano. Kliniki ikikwambia usipime nyumbani mpaka tarehe fulani, sababu ni hiyo.

Shoga wa Wote

Mama, chumvi nimeiacha, nimejaribu kwa mkojo wa mume wangu imefanya mapovu 😂

Ila swali la ukweli: jirani yangu alipima akiwa na miezi kama mitatu hivi, mistari ikawa hafifu kuliko mwanzo. Akalia siku nzima akidhani mtoto amepotea. Mtoto yuko mzima.

Mama wa Maabara

Angalau mume amepata vipimo vya bure.

La jirani linatokea. Mstari ukishatokea, weusi wake haupimi mimba inavyoendelea. Vijiti vingi vya nyumbani vinajibu ndiyo au hapana tu. Kijiti kimoja na kingine hutofautiana rangi hata vikitoka pakiti moja, na mkojo wa asubuhi si wa mchana. Tena hCG hufika kileleni karibu na wiki ya 8 hadi ya 11 kisha inashuka yenyewe, mimba ikiendelea vizuri tu. Halafu kuna kioja kimoja cha maabara: homoni na vipande vyake vikizidi mno, kingamwili zinajaa kila moja na mzigo wake, hakuna inayobaki na mkono wa kushika mwenzake pale T, na mstari unafifia. Ni nadra, lakini nimewahi kuzimua mkojo wa namna hiyo kwa maji ukatoa mstari mweusi tii. Mtu wa miezi mitatu anayetaka kujua hali ya mtoto anahitaji ultrasaundi.

Chausiku

Nimerudi kama nilivyoahidi moyoni.

Fomu niliijaza kama ulivyosema mama. Kijana wa eksirei hakushangaa wala nini, akasema picha yangu haina haraka, nirudi nikishaziona siku zangu au nikiwa na jibu la uhakika. Nilidhani nitachekwa.

Asubuhi ya siku ya 35 nikapima. Sikunywa maji, niliweka saa, nikakaa nje ya bafuni mpaka ikalia. C ikang'aa. T safi kabisa, nimeinamisha kila upande. Dakika kumi zilipopita nikakipeleka pipa la nje ili nisije nikakifukua. Siku iliyofuata, ya 36, nikaziona.

Nimelia, sitaki kusema uongo. Lakini nataka kuelewa, maana kufika siku ya 36 bila kuziona sijawahi. Je, nilikuwa na mimba ikatoka? Na vile vipimo viwili vya kwanza vilikuwa vibovu?

Shoga wa Wote

Pole sana mpenzi. Nilikuwahisha hongera, ningojee ya pili.

Mama wa Maabara

Pole mwanangu.

Hapa hesabu ya kurudi nyuma ndiyo itakayokusaidia. Sehemu ya mzunguko inayoyumba kwa wanawake wengi ni ya kwanza, kabla yai halijatoka. Ya pili, kutoka yai mpaka hedhi, huwa karibu siku 12 hadi 14. Hedhi imeanza siku ya 36, basi yai lako lilitoka kati ya siku ya 22 na ya 24. Na mwenyewe ulisema katikati ya mwezi uliugua homa kali. Ugonjwa wa namna hiyo unaweza kuuambia mwili usubiri kwanza, yai likachelewa, na hedhi nayo ikachelewa nyuma yake. Hiyo ndiyo sababu ninayoiona mimi ya kufika siku ya 36.

Sasa angalia ulipima lini. Siku ya 27 ilikuwa siku 3 hadi 5 tu tangu yai litoke. Hata kama lilikuwa limerutubishwa, lilikuwa bado njiani. Siku ya 30 ilikuwa siku ya 6 hadi ya 8, yaani lango la kujishikiza ndiyo kwanza linafunguka, na juu yake ukalimwagia maji. Vipimo havikuwa vibovu. Uliviuliza kabla ya wakati. Cha siku ya 35 kilikuwa siku 11 hadi 13 baada ya yai, mkojo wa asubuhi, kikasomwa kwa saa. Hicho ndicho cha kwanza chenye haki ya kuaminiwa, na hedhi imekuja kukiunga mkono.

Kama ilikuwepo ikatoka? Kwa vipimo ulivyopima hakuna alama ya hilo, na ule mstari wa kwenye pipa siuweki kwenye ushahidi. Ukiona hii ni hedhi kama zako za siku zote, ichukulie hivyo. Ikiwa nyepesi mno au ya siku moja tu, na si kawaida yako, rudia kipimo baada ya wiki, maana wapo wanaotokwa na damu kidogo na mimba ipo.

Mwezi ujao usiiulize programu. Vipo vipimo vya mkojo vinavyoonyesha homoni ya LH, ile inayopanda siku moja au mbili kabla yai halijatoka. Anza kuvitumia mapema kwa sababu siku yako ya yai inahama, na angalia ute wa ukeni: ukiwa wa kuvutika na mwepesi kama weupe wa yai bichi, yai liko karibu. Ukiipata siku ya LH, hesabu 15 kutoka hapo, kisha pima. Hesabu hiyo haijali kama mzunguko ni wa siku 27 au 35.

Mkifika mwaka mzima mnatafuta na hamjapata, nendeni mkaangaliwe, wote wawili. Kama umefikisha miaka 35, usingoje mwaka, nusu inatosha.

Chausiku

Nimeelewa sasa kwa nini 27 ilikuwa kazi bure. Kuna vijiti vitatu vimebaki kwenye kabati la bafuni, kimoja nilishakifungua mfuko nikabadili mawazo. Vitafaa mwezi ujao?

Mama wa Maabara

Kilichofunguliwa tupa. Karatasi ile hunyonya unyevu wa hewa, na kale kapakiti kadogo ndani ya mfuko kaliwekwa kwa ajili hiyo. Viwili vilivyofungwa vitoe bafuni, mvuke wa kuogea hauvifai. Viweke chumbani, pakavu, pasipo jua. Soma tarehe ya mwisho kwenye kila mfuko, siyo kwenye boksi tu, kwa sababu watu huchanganya maboksi. Na hicho cha LH ukikinunua, kitie alama kwa kalamu. Vinafanana sana, na nimeshaona mtu akishangilia kipimo ambacho hakikuwa cha mimba.